Swali la mwakilishi wadi: namna ya kuuliza mpaka karatasi ije mezani

Nimesoma maswali mengi ya wawakilishi wadi, wajumbe wa mabunge ya kaunti hapa Kenya, na mengi yana ugonjwa mmoja. Mheshimiwa anasimama, anauliza kwa nini watu wake hawana maji, wenzake wanagonga meza, kisha baada ya muda linakuja jibu la nusu ukurasa: idara inalifahamu tatizo hilo na inalishughulikia. Basi. Kwenye kumbukumbu za bunge swali limejibiwa, na mama aliyempigia kura bado ananunua maji ya mkokoteni kwa mtungi.

Mwongozo huu ni wa mwakilishi wadi anayetaka jibu lenye tarakimu na saini, na wa vijana wanaomwandikia maswali. Mimi ni mhasibu mstaafu wa hapa Malindi. Kazi ya fedha niliianza enzi za baraza la manispaa, kabla mabaraza yote hayajavunjwa mwaka 2013 na serikali za kaunti kuanza. Siku hizi waheshimiwa huja barazani kwangu, mtaa wa Barani, jioni, wa Kilifi na mara nyingine wa Lamu, kila mmoja na bahasha yake. Huniita Mama, nami huwaita wanangu, na wengi wao ni werevu kuliko maafisa wanaowauliza. Wanachokosa ni ujuzi wa kuifuata pesa pale inapoacha alama. Pesa ya umma haitembei bila karatasi. Kwa hiyo usimuulize afisa anakusudia nini. Muulize karatasi iko wapi, nani aliitia saini, na tarehe ngapi.

Jua anayepaswa kujibu

Zamani diwani na mweka hazina wa mji walikuwa wakikutana chumba kimoja kwenye kamati ya fedha. Diwani akitaka kujua jambo, anageuza shingo anamuuliza. Katiba ya 2010 imewatenganisha. Waziri wa kaunti si mjumbe wa bunge la kaunti, kwa hiyo humkuti ukumbini. Lakini Ibara ya 185 inalipa bunge kazi ya kuisimamia serikali ya kaunti, Ibara ya 183 inawataka mawaziri hao walete bungeni ripoti kamili na za mara kwa mara, na kifungu cha 39 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinairuhusu kamati kumwita waziri afike mbele yake ajibu maswali. Njia ya kawaida ni kuomba taarifa kupitia kwa mwenyekiti wa kamati inayosimamia idara ile. Utaratibu wake uko katika Kanuni za Kudumu za bunge lako. Zisome mwenyewe, usingoje kusimuliwa na karani.

Waziri ndiye anayezungumza, ila anayetia saini malipo ni afisa mkuu wa idara. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 149, inasema wazi kwamba afisa huyo anawajibika kwa bunge la kaunti kuhusu matumizi ya fedha za idara yake. Wawakilishi wengi humshambulia gavana kwenye redio, wakamsahau mtu ambaye saini yake iko kwenye kila vocha. Unapoomba kikao cha kamati, hakikisha barua ya mwaliko inamtaja afisa mkuu pamoja na waziri. Waziri akija peke yake atakwambia, kwa haki kabisa, kwamba tarakimu hizo ziko kwa afisa wake.

Kisha thibitisha kwamba jambo lenyewe ni la kaunti. Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili, ndiyo orodha yako: hospitali na zahanati za kaunti, uzoaji taka na majaa, barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, vivuko na bandari ndogo, masoko, shule za chekechea, huduma za maji na usafi wa mazingira. Shule za msingi na polisi si zako, na barabara kuu ya kwenda Mombasa si yako. Ukiuliza kuhusu darasa la shule ya msingi lililobomoka, umempa afisa mlango wa kutokea, naye atautumia bila kusita. Kwa Lamu nalisisitiza hili zaidi, maana kule mambo ya gati na boti humezwa na mazungumzo ya bandari kubwa ya kitaifa, na gati la kijiji likasahaulika katikati.

Zifuate karatasi kabla hujaandika neno

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Ndani yake kuna tarehe za kisheria ambazo mwakilishi anatakiwa azijue kama anavyozijua siku za soko. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha huja kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti huja kabla ya tarehe 30 Aprili na hupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni. Katikati, kila robo mwaka ikiisha, hazina ya kaunti ina mwezi mmoja wa kuleta bungeni ripoti ya mapato na matumizi. Maana yake ripoti ya Julai hadi Septemba inatakiwa iwe mezani kufikia mwisho wa Oktoba. Isipokuja, hilo lenyewe ni swali lako la kwanza la Novemba, na ni swali rahisi kulishinda kwa sababu kifungu cha 166 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kiko wazi.

Novemba ndio mwezi ninaoupenda kwa maswali. Wengi hungoja Juni, wakati afisa ana vocha rundo mezani na kila kitu kinalipwa mbio mbio kabla ya mwaka kufungwa. Ukiuliza Novemba kwa nini robo nzima imepita na shilingi haijatumika kwenye maendeleo, bado kuna muda wa mradi kujengwa. Ukiuliza Juni, unauliza kuhusu maiti.

Karatasi ambayo watu huipuuza sana ni bajeti ya nyongeza. Nitakueleza inavyokuwa. Aprili mwakilishi anaona kisima cha wadi yake kimeandikwa kwenye makadirio, anafurahi, anawatangazia watu msikitini na kanisani. Miezi kadhaa baadaye inakuja bajeti ya nyongeza, kitabu kinene, kinaletwa karibu na siku ya kupigiwa kura. Ndani yake mstari ule ule wa kisima una sufuri. Mheshimiwa hakuufungua, akapiga kura ya ndiyo. Akija kuuliza kisima kiko wapi, afisa anamjibu kwa upole: Mheshimiwa, mlikiondoa wenyewe. Kwa hiyo chukua makadirio yaliyopitishwa, chukua nyongeza, viweke ubavu kwa ubavu, na pitia kila mstari wa wadi yako kwa rula. Pesa zilizotolewa kwenye kisima zimekwenda mahali. Tafuta mstari ulionenepa. Mara nyingi ni safari, mafunzo, ukarimu, au matengenezo ya magari.

Ukiwa na vitabu hivyo viwili ongeza viwili vya nje, maana vya nje havikuandikwa na unayemuuliza. Cha kwanza ni ripoti ya Msimamizi wa Bajeti, ambaye kwa sasa ni Margaret Nyakang'o. Ofisi yake hutoa ripoti za utekelezaji wa bajeti za kaunti zote 47, na humo utaona kila idara ilitengewa ngapi, ilipata ngapi na ilitumia ngapi. Cha pili ni ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Nancy Gathungu. Katiba, Ibara ya 229, inampa miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kukagua na kutoa ripoti, nalo bunge la kaunti lina miezi 3 ya kuijadili na kuchukua hatua. Zote zinapatikana kwenye tovuti za ofisi hizo na hazilipiwi.

Shika pia vipimo viwili vya sheria kichwani. Sheria ile ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti itengwe kwa maendeleo kwa wastani wa miaka kadhaa, na kanuni zake za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Linganisha na ripoti. Usihesabu kilichotengwa tu, hesabu kilichotumika, kwa sababu kutenga asilimia 30 na kutumia 12 ni jambo linalowezekana na halionekani kwenye hotuba ya bajeti.

Vocha, na namna ya kuitazama

Nikiruhusiwa kukufundisha jambo moja tu kwa mkono, ni hili. Siku kamati itakapoletewa vocha ya malipo, usianze na kiasi. Anza na tarehe.

Vocha kamili ya kazi ya ujenzi haiji peke yake. Nyuma yake pana oda iliyompa mkandarasi kazi, pana ankara yake, pana cheti cha mhandisi kinachosema kazi imefika wapi, na pana cheti cha kamati ya ukaguzi na upokezi, ile inayotakiwa na sheria ya ununuzi ya 2015. Ziweke mezani kwa mpangilio huo na uandike tarehe zake kwenye karatasi pembeni. Oda hutangulia ankara. Ankara ikitangulia oda, kazi ilifanywa kabla haijaagizwa, au oda iliandikwa baadaye ili kufunika. Cheti cha ukaguzi kikiwa cha siku moja na ankara, uliza waliotia saini walifika eneo la kazi saa ngapi na kwa gari lipi. Karatasi zote nne zikiwa za wiki ya mwisho ya Juni, ziombee zote maelezo.

Baada ya tarehe tazama majina ya waliotia saini cheti cha upokezi. Hao ndio waliosema kazi imekwisha na iko sawa. Waombe waitwe. Mara nyingi ni maafisa wadogo, vijana wenye hofu, na hapa nakuomba uwe na utu. Wasikilize vizuri, usiwafokee. Kijana aliyeambiwa "weka saini hapa" na mkubwa wake atasema ukweli mbele ya kamati akiona anaheshimiwa.

Kiasi ndio mwisho. Kilinganishe na BQ, ile orodha ya vipimo na bei. Kama BQ inasema mita 400 za mfereji wa zege, basi nenda na utepe ukapime.

Kwa dawa karatasi ni nyingine. Zahanati ikikosa dawa, usiulize tu kwa nini dawa hakuna. Uliza zilipokewa lini kwenye stoo kuu, na uombe fomu ya S13 ya kupokelea. Kisha uombe fomu ya S11 iliyotumika kuzitoa stoo kwenda zahanati ile, pamoja na kadi ya stoo ya zahanati yenyewe. Nilimsaidia mwakilishi mmoja mwanamke, kaunti siitaji, aliyeambiwa na afisa kwamba dawa zilisambazwa kwa zahanati zote. Hakubishana. Alisema, "Ahsante sana, naomba kuiona S11 ya zahanati yangu." Ukumbi ukatulia. Haikuwepo, na mwenyekiti akawapa wiki moja waje na maelezo kwa maandishi. Mjadala wa saa nzima usingefika pale.

Uliza pia habari za makusanyo. Sheria ya mwaka 2023 inaziruhusu hospitali za umma kubaki na pesa zinazokusanya ili ziboreshe huduma. Ni jambo jema, lakini lina maana kwamba pesa nyingi sasa ziko kwenye akaunti ya hospitali badala ya hazina. Omba taarifa ya benki na kumbukumbu za bodi iliyoidhinisha matumizi.

Nenda ukaone

Karatasi pekee haitoshi. Fika mahali, na ufike na watu wanaoishi pale. Mfano wangu wa kila siku ni taa kubwa ya sokoni, ile tunayoiita mulika mwizi. Imezimika. Mwakilishi anapita na gari usiku, anaona giza, kesho anauliza kwa nini taa haiwaki. Swali hilo lina majibu kumi, na afisa atachagua lililo jepesi.

Nenda mchana. Muulize muuza samaki aliye karibu nayo taa iliacha kuwaka lini. Watu wa soko hukumbuka kwa matukio, kwamba ilizimika kabla ya Ramadhani, au ile wiki ya mvua kubwa. Tazama kama mita ya umeme ipo, kama nyaya zimekatwa, kama balbu zimevunjika au zimeondolewa. Piga picha yenye tarehe. Taa iliyokatwa umeme kwa sababu ya deni, taa iliyoharibika ikiwa bado chini ya dhamana ya mkandarasi, na taa iliyoibwa nyaya ni maswali matatu tofauti, kwa watu watatu tofauti.

Sasa andika

Swali lizungumzie kitu kimoja, mahali pamoja. Nikipewa swali lenye maji, barabara na basari, nalirudisha. Afisa akipata mambo matatu atajibu lile analoliweza kwa kurasa mbili na mengine kwa mstari mmoja.

Hivi ndivyo ningeliandika lile la taa:

"Mheshimiwa Spika, naomba taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa kamati inayosimamia barabara na kawi kuhusu taa ya mulika mwizi iliyo sokoni katika wadi yangu. Mwenyekiti aeleze: a) kiasi kilichotengwa kwa taa hiyo katika bajeti iliyopitishwa, na kiasi kilichobaki baada ya bajeti ya nyongeza, b) aliyepewa kandarasi, thamani yake, na tarehe mkataba uliposainiwa, c) kila malipo yaliyofanywa, kiasi na tarehe, d) tarehe kazi ilipokaguliwa na kupokewa, na majina ya waliotia saini, e) kipindi ambacho mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro, na kama kimekwisha, f) anayelipa bili ya umeme, na kama kuna deni. Naomba pia aweke mezani nakala ya mkataba, cheti cha upokezi na bili ya umeme ya mwisho."

Hakuna hasira ndani yake wala sifa. Hakuna mahali ambapo "tunalishughulikia" itatosha kuwa jibu. Sentensi ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Kwetu huku ina uzito zaidi kwa sababu bunge la Kilifi liko hapa Malindi na ofisi kuu za kaunti ziko mjini Kilifi; afisa akija bila nakala atasema faili iko ofisini, na kikao kimekwisha. Kwa mwakilishi wa Faza au Kiunga kule Lamu, ambaye kila safari ni boti na mafuta, kikao kilichopotea ni hasara kubwa kwa watu wake. Karatasi zitajwe kwenye swali lenyewe ili asije akadai hakuambiwa.

Kiswahili kinatosha. Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi, na mwananchi akisikiliza redio ataelewa ulichouliza. Nimeona waheshimiwa wazuri wakijikunja kwa Kiingereza cha mikataba mpaka nguvu ya swali ikaisha.

Siku ya kamati: majibu utakayopewa

Jiandae kwa maswali ya nyongeza mapema, uyaandike kwenye karatasi yako. Majibu ya kukwepa si mengi, yanajirudia.

"Fedha hazijatoka Nairobi." Hili ndilo kongwe. Wakati mwingine ni kweli, na likiwa kweli mtetee afisa wako, mgao huchelewa kweli. Lakini pesa ikiwa imeshaingia kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti, haitoki mpaka kaunti iombe na Msimamizi wa Bajeti aidhinishe. Kwa hiyo uliza: mliwasilisha ombi la kutoa fedha za mradi huu tarehe gani, na nakala yake iko wapi? Kama hakuna ombi, pesa haikucheleweshwa na Nairobi. Kisha fungua ripoti ya Msimamizi wa Bajeti kwenye ukurasa uliouweka alama, umsomee kiasi ambacho idara yake ilipokea kipindi kile.

"Mchakato uko katika hatua za mwisho." Uliza hatua iliyokamilika mwisho ni ipi, ya tarehe gani, na inayofuata ni jukumu la nani. Usikubali neno "karibuni" liingie kwenye kumbukumbu bila tarehe.

"Mradi umekamilika kwa asilimia 80." Omba cheti cha mhandisi kinachoonyesha hiyo 80, na uliza malipo yamefika asilimia ngapi. Malipo yakiipita kazi, hapo ndipo pa kukaa mpaka jioni.

"Jambo hilo liko mahakamani." Omba nambari ya kesi na jina la mahakama. Spika ndiye ataamua kama mjadala usimame, lakini kesi ya mkandarasi kudai malipo haifuti haki ya bunge kujua kiasi kilichokwisha kulipwa.

"Ni deni la uongozi uliopita." Uliza kama liko kwenye orodha ya madeni iliyopokewa, ni la mwaka gani, na kama Mkaguzi Mkuu aliliona. Deni lisilo kwenye orodha yoyote halipaswi kulipwa kwa maneno ya mdomo.

Wakati wote huo, mwite afisa kwa cheo chake na heshima yake. Wengi ni majirani zetu, mtakutana sokoni na mazikoni. Swali kali halihitaji sauti kali, na afisa aliyedhalilishwa hupata huruma ya wajumbe ambayo hakuistahili.

Akikataa kuja

Ibara ya 195 inaipa kamati uwezo wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi au kuleta hati, kwa nguvu sawa na za Mahakama Kuu. Barua ya kwanza huwa mwaliko. Ikipuuzwa, kamati iazimie kutoa samansi, na azimio liandikwe kwenye kumbukumbu. Waziri anayeendelea kukaidi anaweza kukabiliwa na hoja ya kumwondoa chini ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, ambayo inaanza kwa kuungwa mkono na theluthi moja ya wajumbe. Sipendi kuona hoja hiyo ikitumiwa kama fimbo ya kutafutia safari au kandarasi. Imetumiwa hivyo mahali pengi, na ndiyo sababu wananchi wakisikia mwakilishi anauliza, kwanza huuliza amenyimwa nini.

Hapo nizungumze waziwazi na wanangu. Kifungu cha 9 cha sheria ile ile kinamkataza mwakilishi wadi kujiingiza katika kazi za utendaji za kaunti au utoaji wa huduma kana kwamba ni afisa wake. Ukiwa na mtu wako aliyepewa kandarasi ya kujenga chekechea ya wadi yako, swali kuhusu chekechea hiyo limekufa mdomoni mwako, na afisa mkuu anajua hivyo kwa sababu ndiye aliyekupa. Wengi huanzia hapo. Wanapewa kazi ndogo ya mfereji mwaka wa kwanza, na kufika mwaka wa tatu hawana wanachoweza kuuliza idara yoyote. Kataa ile ya kwanza. Najua kuna deni la kampeni na najua watu wamejaa mlangoni kila asubuhi wakitaka karo na nauli ya hospitali. Hata hivyo kataa.

Washirikishe wenye wadi

Mwananchi naye ana njia zake, na mwakilishi mwerevu huzitumia sambamba na za bunge. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi mbele ya bunge la kaunti. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Akinyimwa, anakata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kikundi cha kina mama wa soko kikiandika barua ya kuomba mkataba wa taa wiki moja kabla hujaomba taarifa bungeni, idara italazimika kutoa majibu mawili kuhusu jambo moja. Yalinganishe mstari kwa mstari.

Jibu likishatolewa, omba nakala ya kumbukumbu rasmi za kikao, Hansadi, siku zile zile. Ahadi yenye tarehe ipeleke kwa kamati ya utekelezaji kwa barua, ili iifuatilie hata usipokuwepo. Halafu itisha baraza pale pale sokoni, chini ya ile taa, alasiri watu wakiwa bado hawajafunga vibanda. Soma swali, soma jibu, soma tarehe iliyoahidiwa, na acha nakala kwa mwenyekiti wa soko. Kama afisa alisema taa itawaka kabla ya mwisho wa robo ya pili, basi mwisho wake ni tarehe 31 Desemba, na ripoti ya robo hiyo inatakiwa bungeni kufikia tarehe 31 Januari. Anza kuandika swali la nyongeza wiki ya kwanza ya Februari, ukiwa na ripoti hiyo mkononi na picha mpya ya taa.